Bibi Aliyekataa Kulia kwenye Treni

Miongoni mwa filamu za mwanzo za Kiswahili imo Muhogo Mchungu ya mwaka 1952. Ndani yake Rashidi Mfaume Kawawa, ambaye miaka kumi baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika, anaigiza mtu wa shamba anayeingia Dar es Salaam. Tangu hapo sinema yetu imependa sana habari za anayeondoka. Wazee hubaki kijijini, na kamera haibaki nao. Zilipokuja kanda za video, na baadaye Bongo Movie, wazee wakapata nafasi mbili. Ya kwanza ni kuchekesha, na humo hayati Mzee Small na Mzee Majuto walikuwa mafundi ambao mimi sijaona wa kuwazidi. Ya pili ni kutisha: bibi kizee mwenye kaniki na tunguri, anayetoka usiku wa manane kumroga mkwe wake.

Ninakotoka mimi, bonde la Kilombero, picha hiyo ya bibi mchawi haiishii kwenye kioo cha televisheni. Kwa miaka mingi watu walioshukiwa uchawi, wakiwemo wazee, wamekuwa wakivushwa mto kwenda upande wa Ulanga kunyolewa nywele na kunyweshwa dawa, ili nguvu wanazodaiwa kuwa nazo zifungwe. Nikiwa mtoto niliwaona akina mama watu wazima wakirudi na vichwa vitupu chini ya kanga, wakisalimia kwa sauti ndogo kuliko waliyoondoka nayo. Kwa hiyo ninapoona bibi wa filamu anachekelea gizani, mimi huwafikiria hao.

Baadaye nikaiona nafasi ya tatu. Hii imeletwa na filamu fupi za vijana wa vyuo, na ina nia njema kabisa. Mzee si kichekesho tena wala mchawi. Anakaa barazani, anatazama mbali, muziki unapita polepole. Mabadiliko yanakuja: barabara, bwawa, mwekezaji, mtoto aliyepata kazi mjini. Mzee anakataa, anabembelezwa, anasalimu amri au anakufa. Watazamaji wanalia, wanapiga makofi, wanarudi nyumbani wakiamini wamemheshimu. Mimi siamini hivyo, na aliyenifundisha kutoamini ni bibi yangu mzaa mama, mkulima wa mpunga wa Chita, ambaye hakuwahi kukaa darasani wala kuingia ukumbi wa sinema.

Chita iko mguuni mwa milima ya Udzungwa, kusini-magharibi mwa Ifakara, ukipita Mbingu na Mngeta na kabla hujafika Mlimba. Ukisimama pale na kuupa mlima mgongo, mbele yako bonde linafunguka mpaka macho yachoke. Masika mto Kilombero hutapakaa na sehemu kubwa ya bonde ikawa maji. Kiangazi maji hurudi, yakaacha udongo mweusi ambao mpunga unaupenda. Reli ya TAZARA inapita katikati ya mlima na mbuga, na barabara ya vumbi inaifuata. Ipo kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) yenye mashamba yake makubwa ya mpunga. Mtu asiyepajua huona mahali palipotulia, pasipotikiswa na lolote. Hata vijana wa chuo waliokuja kupiga filamu yao huko waliniambia ndiyo sababu wamepachagua.

Walitoka chuo kimoja cha Dar es Salaam, wakitaka kutengeneza tamthilia fupi ya dakika kumi na tano kwa ajili ya mitihani yao. Ilikuwa katika ile miaka ya upimaji mkubwa wa ardhi ya vijiji katika wilaya za Kilombero, Ulanga na Malinyi, kati ya 2016 na 2019, na mwongozaji wao alikuwa amesoma habari zake akaona ndani yake kuna kisa. Mimi niliombwa niwatafutie lokesheni, niwasaidie kunyoosha maneno ya waigizaji ili yafanane na ya watu wa kwetu, na niwapatie mahali pa kulala. Niliwapeleka kwa bibi. Walipomaliza kunywa uji, mwongozaji akaninong'oneza kwamba mwigizaji mkuu amepatikana.

Bibi hakusita. Alichotaka ni kusomewa kwanza. Basi jioni tukaketi uwanjani, taa ya sola ikining'inia kwenye mwembe, kijana akasoma skripti yote kwa sauti, na mimi nikawa nafafanua pale palipokuwa na istilahi za kazi yao. Kisa kilikuwa hivi. Bibi kizee anaishi peke yake kwenye dungu katikati ya shamba la mpunga. Mwanawe anakuja kutoka mjini. Amekubaliana na mtu mwenye matrekta amkodishie shamba lote, na anataka kumhamishia mama yake Dar es Salaam. Bibi anakataa. Anazungumza na mpunga, anazungumza na kaburi la mumewe. Mwisho anashindwa. Sini ya kufungia inamwonyesha dirishani kwenye treni, machozi yakimtiririka, huku nyuma kombaini ikiingia shambani.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza. Kisha akauliza, "Huyu mwanamke analia nini?"

"Anaacha nyumbani kwake, bibi," mwongozaji akajibu.

"Nyumbani kwake ni kwenye dungu?"

Kijana akanitazama. Ilibidi nimweleze kwamba kwetu dungu ni kibanda cha msimu, kinachoinuliwa juu ya nguzo ili maji yapite chini na nguruwe pori wasifike. Familia huhamia shambani mpunga unapopandwa, hukaa huko kuamia ndege na kulinda mazao usiku, na mavuno yakiisha hurudi kijijini. Watu wa bonde hili wana maskani mbili, na kuhama ni sehemu ya kilimo. Bibi mwenye dungu ni bibi mwenye nyumba nyingine kando ya reli.

"Sawa, tutarekebisha," akasema kijana. Lakini bibi alikuwa hajamaliza. Alijiweka sawa kwenye mkeka, akaanza kuhesabu, na kuhesabu kwake kukatuchukua mpaka usiku ukawa mkubwa. Nayaandika hapa kwa kifupi yale aliyoyasema kwa kirefu, kwa sababu bila hayo siwezi kueleza kwa nini filamu ile ilibadilika.

Alizaliwa karibu na mto, katika ukoo wa Wandamba, watu wa mitumbwi na mpunga. Mwaka hakuujua. Alijua tu kwamba alikuwa bado hajavunja ungo Uhuru ulipokuja. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakafika Wachina kujenga reli. Aliwaona wakipima, wakichimba, wakila chakula chao, na alimwona kaka yake akiajiriwa kwenye kikosi na kurudi na viatu vya turubai. Reli ile ya kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, yenye madaraja zaidi ya 300, ilikabidhiwa rasmi Julai 1976. Sehemu ngumu kuliko zote ilikuwa hapo juu yetu, kutoka Mlimba kupanda kwenda Makambako, ambako mahandaki mengi yalitobolewa milimani. Bibi alikumbuka baruti ikilia mbali na watoto wakijificha.

Kabla reli haijaisha, ikaja Operesheni Vijiji. Mwaka 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji sasa ni amri, na katika bonde letu vijiji vingi vilipangwa kando ya reli. Bibi na babu walikuwa na migomba, minazi michache, na makaburi ya wazazi kule walikokuwa wakiishi. Waliambiwa wahame. Walihama. Hakuna aliyekuja kuwauliza wangependa kujenga wapi; walionyeshwa kiwanja. Hapo ndipo sauti yake ilipobadilika kidogo. "Siku ile nililia," akasema. "Nililia kwa sababu nilionyeshwa kwa kidole. Kuhama ningehama."

Lakini kisa chake hakikuishia kwenye kilio. Kiwanja kile alichoonyeshwa kilikuwa karibu na stesheni, na ndani ya muda mfupi bibi akawa mfanyabiashara. Watu wa huku wanaikumbuka treni ya kipisi, ile ya mabehewa machache iliyosimama kila stesheni. Bibi alipanda na debe za mchele na mikungu ya ndizi, akashuka Mlimba au akaendelea mpaka Makambako kwenye baridi, akarudi na viazi, maharage, na nguo za mitumba. Alijua bei ya gunia katika stesheni sita. Alijifunza Kibena cha kutosha kupatana bei na Kihehe cha kutosha kutukana anayempunja. Ada za shule za mama yangu na za mjomba zilitoka kwenye kipisi. Msomi wa historia Jamie Monson, aliyeitafiti sehemu hii ya reli kwa miaka mingi na kutoa kitabu chake mwaka 2009, ameonyesha jinsi watu wa kawaida wa ukanda huu walivyoigeuza reli ya ukombozi, iliyojengwa kubeba shaba ya Zambia, ikawa njia yao ya kuhama, kulima na kuuza. Nilipokisoma nilimwona bibi ndani yake, ingawa jina lake halimo.

"Sasa wewe mjukuu wangu," akamwambia mwongozaji, "unataka mimi nipande treni nikilia? Mimi treni nimeipanda ina joto, ina baridi, imejaa, imeharibika porini. Kulia ndani ya treni sijui."

Vijana wakacheka, naye akacheka. Mwongozaji hakucheka sana. Alikuwa na mtihani wa kufaulu, na alieleza kwa adabu kwamba tamthilia lazima iwe na mgogoro, kwamba mwalimu wao amewafundisha hivyo, na kwamba bila chozi la mwisho mtazamaji ataondoka mikono mitupu. Nilimwelewa. Alikuwa amemwandikia bibi huzuni kwa upendo.

Nikampa mfano ulio jirani. Juu ya Chita, kwenye korongo la mto Kihansi, lilijengwa bwawa la umeme wa megawati 180, likazinduliwa mwaka 2000. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, manyunyu ya maporomoko yakapungua, na chura mdogo wa rangi ya manjano ambaye hapatikani mahali pengine popote duniani akaanza kutoweka. Karibu 500 walisafirishwa kwenda Marekani, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, wakafugwa humo. Korongoni yakawekwa mabomba ya kunyunyizia maji ili kuigiza manyunyu ya zamani, na mwaka 2012 kizazi cha vyura wale kikaanza kurudishwa. Nafurahi walivyookolewa. Lakini mzee wa kwenye filamu za namna ile hutunzwa kama chura wa Kihansi: tunamwekea mabomba ya manyunyu ili asijue kwamba mto umebadilishwa njia. Bibi aliujua mto ulivyobadilishwa njia, na alijua umeme ulivyopita juu ya paa lake kwenda mijini kwa miaka mingi kabla haujashuka kwake.

"Basi mgogoro uko wapi, bibi?" kijana akauliza. Nampongeza hadi leo kwa swali hilo. Wengine wangeshikilia skripti yao.

Bibi akasema, "Uko kwenye karatasi. Jina litaandikwa la nani?"

Hapo ndipo sisi wote tukanyamaza, na mimi zaidi, kwa sababu jambo lile lilikuwa linaendelea ndani ya familia yetu na hakuna aliyelisema kwa sauti. Wapimaji walikuwa wamefika kitongojini na vifaa vyao, wanatembea na majirani kwenye mipaka, wanaandika. Baada ya hapo halmashauri ya kijiji ingetoa hati ya hakimiliki ya kimila. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi, na inakataza mila yoyote inayomnyima haki hiyo. Hiyo ni sheria. Shambani mambo huenda kwa njia nyingine. Baadhi ya ndugu wa marehemu babu waliona shamba liandikwe jina la mwanamume wa ukoo. Mjomba, ambaye alikuwa Dar es Salaam, alitaka liandikwe jina lake, na nia yake haikuwa mbaya: alifikiri atampunguzia mama yake usumbufu. Alikuwa ameshasema atamjengea chumba Mbagala, ahamie. Kila mtu alikuwa ameamua kwa niaba ya bibi, kila mtu kwa kumpenda.

"Kwenda Dar nilikuwa nakwenda," bibi akasema usiku ule. "Nina hamu ya kuona vitukuu. Kuulizwa ndio sikuulizwa."

Nimefanya kazi na maneno kwa muda mrefu, na sijapata sentensi iliyonisaidia kuandika kuliko hiyo. Wazee ninaowafahamu katika bonde hili wamebadilisha makazi, mbegu, sarafu, majina ya wilaya na namna ya kusalimia viongozi. Wamelima mpunga wa Supa, wakaletewa mbegu ya SARO 5, wakaijaribu kwenye kipande kimoja cha shamba, wakaona inazaa, wakaipanda, na bado wakabakiza Supa kwa ajili ya wali wa wageni. Wameona wafugaji wakiingia bondeni na maelfu ya ng'ombe, na mwaka 2012 wakaona operesheni ya kuwaondoa. Wameona daraja la mto Kilombero likifunguliwa mwaka 2018, pale ambapo awali watu walivuka kwa kivuko na wengine wakapoteza maisha. Ukimwuliza mzee wa Chita habari ya mabadiliko, umemwuliza mjuzi. Kijana wa miaka ishirini na miwili aliyekuja na kamera alikuwa amehama mara moja tu maishani mwake, kwenda chuoni.

Asubuhi skripti ikaandikwa upya, bibi akiwa jikoni na sisi tukiwa mlangoni, yeye akisema huku anapepeta mchele. Sini ya kaburi ikaondolewa. Alisema haongei na mumewe mbele ya watu. Sini ya kombaini ikabaki, ila akataka iwe mapema, na bibi wa kwenye filamu awe anaikagua: anazunguka, anauliza inakula mafuta kiasi gani kwa ekari, inamwaga punje ngapi chini, na mwenye nayo anatoza gunia ngapi. Aliifahamu kombaini. Alikuwa ameshawahi kuikodi, na mwaka uliofuata akarudi kwa wavunaji wa mkono kwa sababu shamba lilikuwa bado bichi na mashine ikazama. Uamuzi wa aina hiyo sijawahi kuuona kwenye filamu yoyote ya mzee na mashine, na kule kwetu ni habari ya kila msimu.

Sini kubwa ikawa ofisi ya kijiji. Mwalimu wa shule ya msingi aliigiza mwana, na jirani akaigiza karani. Mwana anaeleza, karani anaandika, wote wawili wanazungumza kwa heshima juu ya kichwa cha bibi aliyeketi kwenye benchi. Bibi anasubiri wamalize. Kisha anamwomba karani asome jina lililoandikwa. Karani anasoma jina la mwana. Bibi anasema, "Soma tena." Anasoma. "Huyo namjua, nimemzaa mimi. Sasa andika aliyelima." Maneno hayo hayakuandikwa na mtu, aliyasema kamera ikizunguka, na mwalimu aliyekuwa akiigiza mwanawe akainamisha kichwa kweli kweli. Mwongozaji alisahau kusema kata. Mpiga picha akaendelea, na bahati nzuri aliendelea, maana bibi akanyoosha kidole gumba kwa karani, akangoja wino, akapiga alama yake kwa utulivu.

Na treni? Ilibaki mwishoni. Bibi aliipanda, na kweli ilikuwa imechelewa siku ile, tukaingoja mpaka jua likazama. Katika filamu anaketi dirishani, gunia la mchele chini ya miguu, kuku kapuni, anamwuliza abiria wa jirani bei ya mchele Kariakoo. Anakwenda kuwaona vitukuu wake, na atarudi kupanda mvua zikianza.

Wapo watakaosema huko ni kumlegeza mtazamaji, kwamba uhalisi wa wazee wetu ni mchungu na filamu isiufiche. Nakubali kwamba ni mchungu. Filamu mbili ninazoziheshimu zimeuonyesha uchungu huo bila kumnyang'anya mzee usukani. Moja imetoka Lesotho mwaka 2019, ya mwongozaji Lemohang Jeremiah Mosese, inaitwa This Is Not a Burial, It's a Resurrection. Ndani yake Mary Twala anaigiza Mantoa, mwanamke wa miaka 80 ambaye kijiji chake kitafunikwa na maji ya bwawa, pamoja na makaburi. Amefiwa na mtoto wa mwisho aliyebaki, anangoja kifo chake, anagomea kuhamishwa. Hakuna faraja nyepesi humo. Lakini kila hatua ni yake, na kijiji kizima kinalazimika kumsikiliza. Nilipoitazama niliwakumbuka watu wetu waliohamishwa miaka ya 1970 na makaburi waliyoyaacha.

Ya pili iko karibu nasi zaidi. Mwaka 2004, baada ya Kenya kufuta ada za shule za msingi, Kimani Maruge, mzee wa miaka 84 aliyepigana katika Mau Mau, aliingia darasa la kwanza katika shule ya Kapkenduiywo, Eldoret, amevaa kaptula na soksi ndefu. Mwaka uliofuata alikwenda New York kuzungumza Umoja wa Mataifa juu ya elimu. Alifariki mwaka 2009, na mwaka 2010 ikatoka The First Grader, Oliver Litondo akiigiza nafasi yake. Ninachokipenda katika maisha ya Maruge ni kwamba mabadiliko yalikuwa ya kwake. Serikali ilifungua mlango kwa watoto, yeye akaingia nao, na waliopaswa kuzoea ni wengine.

Hizo ni filamu ndefu, na moja ilitengenezwa na watu wenye fedha nyingi. Filamu fupi ina nafasi ndogo, na kwa sababu hiyo hushawishika kumfanya mzee awe hisia moja tu. Dakika kumi na tano hazitoshi kueleza maisha ya miaka sabini na kitu. Zinatosha, hata hivyo, kuonyesha mtu akiamua jambo moja. Vijana wale walipata alama ambazo siwezi kuzisifu wala kuzilalamikia. Mwalimu aliandika kwamba mwisho wake hauna majonzi ya kutosha. Sisi tuliionyesha Chita kwenye shuka jeupe lililofungwa ukutani, kwa jenereta ya kukodi. Watu walijaa mpaka juu ya miti. Ilipofika pale pa karani, akina mama walishangilia kwa vigelegele, wakataka irudiwe, ikarudiwa. Mzee mmoja mwanamume alisimama akasema kwamba hata yeye jina lake limeandikwa vibaya kwenye karatasi na anataka ofisi isikie. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwepo. Mazungumzo yaliendelea filamu ilipokwisha, na watu hawakuondoka upesi.

Nyumbani kwetu mambo hayakwenda haraka kama kwenye filamu. Mjomba alikuja, akakasirika, akakaa, akala wali, akakasirika tena. Bibi hakubishana naye. Alimwambia, "Mwanangu, nikifa utakuja kurithi kwa mtu. Usirithi kwa mtu aliye hai." Mwishowe hati ikatoka kwa jina lake. Alikwenda Mbagala mara nyingi baada ya hapo, akakaa kwenye kile chumba miezi ya kiangazi, akarudi Chita mvua zilipokaribia. Alifariki akiwa amelima, na shamba likagawanywa kwa watoto wake wote, wa kike na wa kiume, kama alivyokuwa ametamka mbele ya mashahidi.

Mwaka 2025 Tanzania, Zambia na kampuni ya Kichina ya CCECC zilitia saini mkataba wa kuifufua TAZARA. Wahandisi watapita tena Mbingu, Mngeta, Chita na Mlimba, na watu wa kando ya reli wataambiwa tena ni nini kitakachobadilika. Nawaomba vijana wa bonde la Kilombero wenye simu na kamera, walioko Ifakara, walioko Mlimba, walioko vyuoni Morogoro na Dar es Salaam: nendeni kwa wazee sasa. Msiwapelekee skripti iliyokwisha. Waulizeni walihamishwaje, walipata nini, wanadai nini, na wangetaka safari hii ifanywe vipi. Kisha warudishieni picha waitazame kabla hamjaionyesha mahali pengine popote. Aliyekuwa na miaka 20 siku reli ile ilipokabidhiwa, mwaka 2025 alikuwa ameshakaribia 70.